Sura ya Tano: Risiti Kwanza, Simu Baadaye

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali Kuu ya Mkoa wa Pwani, Mombasa, iliweka kwenye madirisha yake ya malipo mashine za kielektroniki za kupokelea fedha, zikaunganishwa zote kwa mtandao mmoja. Hakuna aliyelipa kwa simu. M-Pesa ingezinduliwa Machi 2007, miaka kadhaa baadaye, na wagonjwa waliendelea kutoa noti na sarafu kama walivyozoea. Ndani ya miezi mitatu mapato ya uchangiaji yalipanda kwa takriban asilimia 47, na idadi ya waliokuja kutibiwa haikupungua. Baada ya miaka mitatu mapato ya mwaka yalikuwa yamezidi yale ya awali kwa asilimia 400. Wataalamu wanaochunguza rushwa katika sekta ya afya wamekitaja kisa hiki mara nyingi, na aghalabu hukitaja kama ushindi wa mashine dhidi ya mikono ya watu. Mimi nakisoma kwa namna nyingine kidogo. Pesa yenyewe haikubadilika, ilibaki taslimu vilevile. Jipya lilikuwa kwamba kila shilingi iliyopita dirishani iliacha alama ambayo aliyeipokea hakuweza kuifuta, na mkubwa wake aliweza kuiona bila kusubiri mwisho wa mwezi.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka ujue jinsi fedha inavyovuja pale risiti inapoandikwa kwa mkono. Njia nyepesi kuliko zote ni mgonjwa kutoa hela na kuambiwa aende tu maabara, wameshaambiwa. Ipo ya karatasi ya kaboni: nakala ya mgonjwa inaandikwa shilingi 15,000, kaboni inachomolewa, na nakala inayobaki kitabuni inaandikwa 5,000. Iliyo mbaya zaidi, na ngumu kuigundua, ni ile ya msamaha. Mgonjwa amelipa kamili, lakini kwenye rejista ameandikwa mtoto wa chini ya miaka mitano, au mzee asiyejiweza, watu ambao kisheria hawadaiwi kitu. Hapo mwizi ameiba mara mbili: ameichukua pesa, na ameitumia huruma ya serikali kama kifuniko. Mwisho wa mwezi hesabu za mhasibu zinalingana kabisa na vitabu vyake, kwa kuwa vitabu ndivyo vilivyodanganywa. Mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka atahesabu risiti zilizoandikwa, zisizoandikwa atazihesabuje? Atazijua tu akilinganisha pesa na kitu ambacho keshia hana mamlaka nacho, yaani idadi ya vipimo vilivyofanyika maabara, picha za eksirei zilizopigwa, dawa zilizotoka famasi. Katika hospitali ya makaratasi, madaftari hayo yamo katika vyumba vitatu tofauti, na hayakutani mwaka mzima.

Ndiyo maana nasema kwamba mjadala wa malipo ya kidijitali hospitalini, jinsi unavyoendeshwa katika semina nyingi na katika matangazo ya kampuni za simu, umeanzia mahali pasipo. Swali linaloulizwa ni namna gani tutaondoa fedha taslimu. Swali linalopaswa kutangulia ni kama hospitali inaweza kueleza, jioni ya leo, huduma gani zimetolewa leo, nani kazilipia, nani kasamehewa na kwa sababu ipi. Hospitali inayoweza kueleza hayo haiumizwi sana na noti. Isiyoweza, hata wagonjwa wake wote wakilipa kwa simu, itaibiwa kwa simu.

Kuibiwa kwa simu kupo, wala si jambo la kubuni. Kwenye zahanati au wodi isiyo na mfumo, mfanyakazi humtajia mgonjwa namba yake mwenyewe, au huibandika ukutani kwa karatasi ya daftari: tuma hapa, tutaandika risiti baadaye. Kwa macho ya mgonjwa hayo ndiyo malipo ya kisasa. Kwa hesabu za kituo, pesa hiyo haijawahi kuwepo, na sasa imemfikia mwizi bila hata droo ya kufunguliwa. Upande wa pili wapo wagonjwa wanaoonyesha dirishani meseji ya malipo iliyotengenezwa, yenye jina, kiasi na namba ya muamala, na keshia aliyebanwa na foleni ya watu arobaini hana nafasi ya kupiga simu kuthibitisha. Ulaghai wa aina zote mbili unaota palepale: mtu anaamini alichoonyeshwa kwenye kioo cha simu, badala ya mfumo wa hospitali wenyewe kupokea taarifa kutoka benki au kampuni ya simu. Kununua namba ya kulipia ni kazi ya wiki moja. Kuiunganisha namba hiyo na maabara, famasi na wodi ni kazi ya mwaka au zaidi, na ndiyo ambayo wengi huikwepa.

Tanzania imefika mbali katika kazi hiyo kuliko inavyojisifia. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ilianza kutumia mfumo wa serikali wa kukusanya mapato, GePG, ambao huipa kila bili namba yake ya malipo, ile ambayo mitaani inaitwa kontrol namba. Katika vituo vya afya vya serikali ulikuwepo pia GoT-HoMIS, mfumo wa kuendeshea hospitali uliosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mifumo hii miwili ikiungana vizuri, safari ya bili inabadilika. Mchukue mama aliyekuja na homa. Kwa mtindo wa zamani angepanga foleni dirishani kulipia kadi na kumwona daktari, akarudi kulipia kipimo, akarudi tena kulipia dawa, na kila mara angebeba karatasi mkononi kuwa ushahidi. Kwa mtindo mpya, daktari akiandika kipimo cha malaria na cha wingi wa damu, bili inazaliwa hapohapo kwenye meza yake. Namba ya tarakimu 12 inatoka. Mama analipa kwa simu akiwa amekaa kwenye benchi, au mwanawe aliye Mwanza analipa, au anakwenda kwa wakala wa benki nje ya geti. Pesa ikiingia, jina lake linabadilika hali kwenye kioo cha maabara, na anaitwa. Hebu tazama mgawanyo wa kazi hapo: aliyeandika bili hagusi pesa, pesa imepokelewa na benki, na aliyetoa huduma hakupanga bei. Anayetaka kuiba sasa anahitaji washirika watatu, na kila mmoja wao ana sababu zake za kuogopa. Hicho ndicho kiini cha mfumo, na kingefanya kazi hata kama yule mama angelipa kwa noti mbele ya keshia, mradi keshia apokee dhidi ya bili ambayo hakuiandika yeye.

Simu nayo ina mchango wake wa kweli, tena mkubwa, ila si ule unaotangazwa. Katika nchi zetu mgonjwa mara chache sana hujilipia peke yake. Analipiwa na kaka aliye Nairobi, shangazi aliye Muscat, kundi la WhatsApp la ukoo ambalo mhazini wake ni binamu anayesoma Dodoma. Wanauchumi William Jack na Tavneet Suri walifuatilia kaya nchini Kenya kwa miaka kadhaa, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014 waligundua kwamba kaya zisizotumia M-Pesa, zikipatwa na msukosuko kama ugonjwa au kupoteza kazi, hupunguza matumizi yao kwa takriban asilimia 7, ilhali kaya zinazoitumia hazitikisiki. Tofauti inatokana na pesa za ndugu: zinafika haraka, kutoka kwa watu wengi zaidi, kwa gharama ndogo. Kwa hospitali maana yake ni nyepesi kuieleza. Mlipaji hayupo dirishani. Kabla ya simu, hela ya kaka wa Nairobi ilisafiri na dereva wa basi, ikafika keshokutwa, na kipimo kikasubiri. Namba ya malipo inayoweza kusomwa kwa simu na kulipwa kutoka mji mwingine inamfikia mlipaji halisi, na inamwondolea mgonjwa shaka za nduguze kwamba hela ya matibabu imeliwa njiani. Ukoo mzima unaona kwamba bili ya kiasi fulani, ya hospitali fulani, imelipwa.

Kuna pia mwelekeo wa pili wa pesa ambao hauzungumzwi vya kutosha: kutoka hospitalini kwenda kwa mgonjwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa na uwezo wa kuwafanyia upasuaji bure wanawake wenye fistula, lakini wengi wao waliishi vijijini mbali na hawakuwa na nauli ya basi. Kuanzia mwaka 2009, kwa kushirikiana na taasisi ya Vodacom, hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wake vijijini. Balozi anaitoa, anamkatia mgonjwa tiketi, na mgonjwa akishafika balozi naye anatumiwa ahsante yake ndogo. Waliofika kutibiwa wakaongezeka. Huo ni mfumo wa malipo wa kidijitali uliomlenga maskini kabisa, mwanamke ambaye pengine hakuwa na simu yake mwenyewe, na ulifaulu kwa sababu uliuliza kwanza ni gharama ipi hasa inayomzuia asifike mlangoni. Ningependa waandishi wa sera wakitaje kisa hiki mara nyingi kama wanavyozitaja takwimu za makusanyo.

Sasa mapingamizi, na la kwanza ni zito. Si kila mtu ana simu yenye pesa. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba takriban asilimia 76 ya watu wazima Tanzania wanatumia huduma rasmi za fedha. Nchini Kenya, utafiti wa FinAccess wa 2024 ulitaja asilimia 84.8. Ni hatua kubwa. Lakini robo ya Watanzania iliyobaki nje haikutawanyika sawasawa. Wazee ni wengi humo, na wa vijijini, na wanawake kuliko wanaume, yaani walewale wanaougua zaidi na kusafiri mbali zaidi kufuata tiba. Hospitali inayotangaza kuwa haipokei fedha taslimu imechagua kumsumbua mtu dhaifu kuliko wote katika foleni yake. Mara nyingi anaishia kumwomba mlinzi au mgeni amlipie kwa simu, akimpa noti mkononi, na hapo dirisha lisilo rasmi limefunguliwa getini. Jibu langu kwa pingamizi hili ni kulikubali moja kwa moja. Dirisha la fedha taslimu libaki, na keshia abaki, akitoa risiti kutoka kwenye mfumo uleule. Hakuna kinachopotea kiusalama, Mombasa ilikwisha kuonyesha. Wanaosema dirisha likibaki watu hawatahamia kwenye simu hawajazitazama foleni: mwenye simu hahitaji kulazimishwa kukwepa foleni ya saa moja.

Pingamizi la pili ni makato. Hapa tuna majaribio mawili ya nchi nzima, moja la kila upande, kama vile mtu aliyapanga. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya, Benki Kuu na kampuni za simu zilikubaliana kuondoa ada kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 za Kenya, na miamala midogo ikafurika hadi utaratibu huo ulipokoma mwisho wa mwaka. Julai 2021 Tanzania ilifanya kinyume: iliweka tozo ya miamala ya simu ya kati ya shilingi 10 na 10,000 juu ya ada zilizokuwepo. Malalamiko yalijaa, miamala ikashuka, watu wakarudi kwenye noti, na Septemba mwaka huohuo serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kuipunguza miaka iliyofuata. Uganda ilikuwa imepitia njia hiyo mapema: kodi ya asilimia 1 iliyoanza Julai 2018 ilishushwa hadi nusu ya asilimia, kwa kutoa pesa tu, kabla mwaka haujaisha. Funzo kwa hospitali halina utata. Mgonjwa anayelipia dawa ya shilingi 4,000 akatozwa na ada ya kulipa, ametozwa kodi kwa kuumwa. Gharama ya muamala ibebwe na kituo, kama kinavyobeba gharama ya karatasi za risiti na mshahara wa keshia, na mkataba na benki au kampuni ya simu uandikwe hivyo kabla haujasainiwa. Kituo kilichoziba uvujaji kitaimudu ada hiyo bila shida.

La tatu ni umeme na mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikasuasua kwa siku kadhaa. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, ambao serikali ilikuwa ikiuhamishia malipo yake yote, ulishambuliwa na wadukuzi na huduma zikakwama kote nchini. Mgao wa umeme hauhitaji tarehe, kila msomaji anao wake. Ambaye hapendi mifumo atasema: basi, mnaona? Lakini hoja hii inawaumiza tu wale walioweka kila kitu kwenye kamba moja. Rekodi za hospitali zinaweza kukaa kwenye kompyuta kuu iliyo ndani ya hospitali yenyewe, ikiwa na betri au sola, na ikaendelea kuandika bili na risiti za fedha taslimu hata intaneti ikiwa imelala. Malipo ya simu yatasubiri, tiba haitasubiri. Ndiyo faida nyingine ya kutenganisha risiti na simu, na ndiyo sababu ya kuwaogopa wauzaji wanaokuja na mfumo usiofunguka bila intaneti. Kuna hatari moja hapa ambayo ni ya kufa na kupona. Mfumo unaofunga kioo cha maabara mpaka malipo yaonekane ni mzuri kwa mgonjwa wa kliniki ya kawaida na ni balaa kwa mama anayevuja damu saa nane usiku. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo lazima iwe kitufe ndani ya programu, kinachoweza kubonyezwa na muuguzi wa zamu bila kumwamsha mkubwa yeyote: hudumia sasa, bili itafuata. Kila kinapobonyezwa kiandikwe, ili kisigeuzwe mlango wa nyuma, lakini kisidai idhini.

Kutoka hapo nafika kwenye msamaha, na sehemu hii naiona kuwa tajiri kuliko zote. Sera ya Tanzania inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu. Mara nyingi msamaha huo ni jambo la mdomo: mgonjwa aliyesamehewa hapiti dirishani kabisa, haachi rekodi yoyote ya fedha, na gharama yake inamezwa kimyakimya na kituo. Katika mfumo wa kidijitali aandikiwe bili kamili kama wengine, kwa bei kamili, kisha mstari wa mwisho usome sifuri, na sababu ya sifuri itajwe. Yatatokea mambo mawili. Wizi wa kujificha nyuma ya msamaha utakuwa mgumu, kwa sababu umri na jina vipo na vinaweza kukaguliwa. Na kwa mara ya kwanza mganga mfawidhi ataweza kuiandikia halmashauri barua yenye tarakimu: mwezi uliopita tumetibu wajawazito kadhaa kwa gharama ya shilingi kadhaa, ambazo sera imetuagiza tutoe na hakuna aliyetulipa. Leo anaandika tu kwamba dawa hazitoshi. Barua ya kwanza ina nguvu katika kikao cha bajeti, ya pili inaishia kwenye jalada.

Wapo watakaoniuliza swali kubwa zaidi: kwa nini tunajishughulisha kukamilisha mbinu za kumtoza mgonjwa, wakati dhuluma yenyewe ni kumtoza? Uganda iliondoa ada katika vituo vya umma Machi 2001, na wagonjwa waliofika wakaongezeka sana, hasa maskini. Huo ni ushahidi ninaouheshimu, na anayedai ada hazimzuii maskini amekwisha kukosolewa na Uganda. Ila hadithi haikuishia hapo. Dawa zilipopungua vituoni, watu walielekezwa kununua katika maduka binafsi, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba mzigo wa matumizi makubwa ya tiba kwa kaya maskini haukushuka kama ilivyotarajiwa. Pesa ilihama kutoka dirisha la hospitali kwenda kaunta ya duka, mahali ambapo hakuna rejista kabisa. Na hata nchi ikifika pale tunapotaka wote, mgonjwa asilipe chochote anapougua, kuna mtu atakayelipa. Kenya ilianza kutumia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Mfuko wa bima unalipa kwa madai, na dai ni bili kwa jina lingine. Kenya imekwisha kulazimika kuvifungia vituo vingi vinavyotuhumiwa kudai malipo ya wagonjwa hewa, ishara kwamba wizi wa dirishani unaweza kupanda ngazi na kuwa wizi wa ofisini. Kinga ni ileile: dai litokane na kipimo kilichoandikwa na daktari, kikafanywa na maabara, kikathibitishwa na mgonjwa mwenyewe. Rekodi tunayoijenga leo kwa ajili ya ada ndiyo itakayozihudumia bima kesho, na anayechukia ada ana kila sababu ya kuitaka.

Sharti moja limebaki, na bila hilo yote niliyoyasema yanageuka kuwa ukusanyaji wa kodi kwa njia ya hospitali. Pesa ibaki kituoni. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 nchini Kenya, hospitali nyingi za kaunti zililazimika kupeleka makusanyo yao katika mfuko mkuu wa kaunti, kisha kusubiri mgao. Watafiti waliozifuatilia hospitali za pwani ya Kenya katika kipindi hicho walikuta wasimamizi waliopoteza uamuzi hata juu ya ununuzi mdogo, na motisha ya kukusanya ikiwa imekufa. Bunge lilijibu kwa sheria ya mwaka 2023 inayoruhusu vituo kubaki na mapato yao na kuyatumia. Tanzania iliwahi kuchukua hatua inayofanana na hiyo tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Nalitaja hili kwa msisitizo kwa sababu mfumo wa kidijitali unarahisisha mambo mawili kwa wepesi uleule: kuiacha pesa ilipopatikana, na kuivuta yote makao makuu kwa sekunde moja. Muuguzi anayeona kwamba makusanyo ya wiki yamenunua glavu na dawa ya usingizi atailinda risiti. Anayeona yanatoweka mjini hatakuwa na hamu ya kuilinda.

Faragha nayo isisahauliwe, ingawa suluhisho lake ni rahisi. Meseji ya malipo hubaki kwenye simu, na simu katika nyumba nyingi ni ya watu wawili au watatu. Jina la mpokeaji likisomeka kliniki ya maradhi fulani, siri ya mgonjwa imetoka bila daktari kufungua mdomo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Inatosha meseji itaje jina la hospitali na kiasi, na maelezo ya huduma yabaki ndani.

Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, au diwani ambaye kesho ataletewa mkataba wa mfumo mpya wa malipo auidhinishe, usiulize kwanza utaondoa fedha taslimu kwa asilimia ngapi. Omba karatasi mbili za jana: orodha ya vipimo vilivyofanyika maabara, na orodha ya malipo na misamaha ya vipimo hivyo. Muombe muuzaji akuonyeshe jinsi mfumo wake utakavyoziweka hizo mbili kwenye ukurasa mmoja kila jioni, na jinsi zitakavyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kituo. Akishindwa, mkataba usisainiwe.